Mtoto Mwenye Baridi Yabisi ya Mguu katika Somo la Michezo

Anayekwenda kutazama somo la michezo katika shule zetu za msingi aghalabu atamwona mtoto mmoja au wawili wameketi chini ya mwembe, wakilinda viatu na masweta ya wenzao. Akiuliza, ataambiwa kwamba fulani ana mguu mbovu, naye amesamehewa michezo. Neno hilo “amesamehewa” hutamkwa kwa wema, na mtoto mwenyewe huenda akalipokea kwa furaha siku ya kwanza. Lakini msamaha ukiendelea muhula mzima, kisha mwaka, mtoto hutoka chini ya mwembe akiwa na mguu mbovu zaidi kuliko ule alioingia nao. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo kwa mtoto mwenye baridi yabisi ya mguu, na jinsi mwalimu anavyoweza kumrudisha uwanjani bila kumwumiza.

Tuanze na jina, maana jina hili limewapotosha wengi. Neno “baridi yabisi” humfanya mzazi adhani kwamba mtoto amepatwa na baridi: amelala sakafuni, amenyeshewa, amekanyaga umande. Hali ya hewa yaweza kumfanya mgonjwa ahisi kukakamaa zaidi, lakini siyo inayoleta ugonjwa. Dhana ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu humchelewesha mtoto kupata tiba. Hiyo ni dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wazee. Ni kweli wazee wengi huumwa maungio kwa kuwa gegedu, yaani ile tabaka laini na imara inayofunika ncha za mifupa, imelika. Ya watoto ni aina nyingine. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando mwembamba ulio ndani ya ungio. Ungio huvimba, hupata joto na kukakamaa. Wala si jambo jipya. Daktari mmoja wa London, George Frederic Still, aliandika juu ya ugonjwa wa maungio wa watoto mwaka 1897. Siku hizi madaktari huuita baridi yabisi ya watoto endapo umeanza kabla ya umri wa miaka 16, ukadumu kwa wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zote zimechunguzwa zisionekane.

Mguu wa binadamu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 26 na maungio 33. Basi si ajabu ugonjwa huu ukipenda kukaa hapo. Mtoto mmoja huvimba kifundo peke yake. Mwingine huumwa kisigino pale kano kubwa ya nyuma inapojishikiza kwenye mfupa. Wa tatu huvimba kidole kimoja kizima. Mara nyingi mtoto mdogo hasemi kwamba anaumwa. Huacha tu kufanya jambo alilokuwa akilifanya: haruki tena kamba, hapandi ngazi kwa mguu ule, huomba kubebwa wakati wa kurudi nyumbani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mwalimu anaweza kulitambua kabla ya mtu mwingine yeyote. Maungio yenye uvimbe hukakamaa baada ya kutulia kwa muda mrefu. Mtoto akiamka asubuhi, mguu wake ni kama bawaba iliyoingia kutu. Akiutumia kidogo kidogo, hulegea. Kwa sababu hiyo saa 1 asubuhi mtoto huyu anachechemea, na saa 4, wakati wa mapumziko, anakimbia na wenzake. Akishaketi vipindi viwili mfululizo, huinuka tena akiwa amekakamaa. Mwalimu asiyejua habari hizi akimwona asubuhi na akimwona tena mchana, atasema nini? Atasema mtoto ni mwongo. Atasema mguu wake huuma wakati wa kazi na hupona wakati wa mchezo. Kumbe alichokiona, yaani kuchechemea asubuhi na kukimbia mchana, ndiyo dalili yenyewe ya ugonjwa.

Yafaa tutazame desturi za shule zetu kwa jicho hilo. Katika shule ambazo bado zina mchakamchaka, watoto hukimbia mapema asubuhi, saa ile ile ambayo mguu wa mgonjwa umekakamaa kuliko saa nyingine zote za siku. Anayeachwa nyuma hukaripiwa. Anayechelewa kufika kwa kuwa ametembea polepole kutoka nyumbani huadhibiwa, na mojawapo ya adhabu zilizozoeleka ni kuruka kichura. Tuitazame adhabu hiyo kwa upande wa mguu: mtoto amechuchumaa, vidole vimekunjwa hadi mwisho, kifundo kimekunjwa hadi mwisho, kisha uzito wote wa mwili unatua hapo kwa kishindo, mara 20 au 30. Ukitaka kubuni zoezi la kumdhuru mwenye baridi yabisi ya mguu, hutapata lililo kamili kuliko hilo. Sisi hatuoni kwamba kichura kina manufaa kwa mtoto yeyote, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha anaweza kufanya jambo moja rahisi. Awe na daftari dogo. Kwa muda wa wiki 2 aandike ni saa ngapi mtoto alichechemea, ni mguu upi, alikuwa akifanya nini kabla yake. Amwombe mtoto avue viatu, aitazame miguu yote miwili kwa pamoja, kisha aguse vifundo kwa mgongo wa kiganja ili alinganishe joto. Daftari hilo likipelekwa kwa mzazi na kwenye kituo cha afya litamsaidia daktari kuliko maneno mengi, maana daktari atamwona mtoto saa 5, mguu ukiwa umekwisha kulegea.

Hata hivyo mwalimu si daktari, na si kila maumivu ya mguu ni haya tunayoyaeleza. Ungio moja likivimba ghafula, likawa jekundu na la moto, mtoto akawa na homa na asiweze kukanyaga chini, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda usaha umeingia katika ungio, nao huliharibu kwa muda wa siku chache tu. Mtoto aliyeumwa koo wiki mbili au tatu zilizopita, kisha maumivu yakawa yanahama kutoka ungio moja kubwa kwenda jingine, huenda ana homa ya baridi yabisi, ambayo jina lake lafanana na ugonjwa wetu lakini hatari yake ni moyo. Wa selimundu naye huumwa mifupa ya mikono na miguu. Huyo ahitaji maji ya kutosha, mapumziko ya mara kwa mara na kukingwa na baridi, na asiwekwe katika mazoezi tutakayoyataja hapa mpaka daktari awe amesema. Aidha, mwalimu amwulize mzazi wa mtoto mwenye baridi yabisi kama mtoto amepimwa macho. Baadhi ya watoto hawa hupata uvimbe ndani ya jicho usio na maumivu wala wekundu, na wasipopimwa mara kwa mara waweza kupoteza uwezo wa kuona kabla mtu hajatambua.

Tukichukulia sasa kwamba ugonjwa umejulikana na mtoto anapata dawa, swali linabaki: acheze au asicheze? Zamani hata madaktari walipendelea kumlaza mgonjwa na kuufunga mguu usitikisike. Ushauri huo umebadilika, nayo sababu inaeleweka kwa urahisi. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute ulio ndani ya ungio, na ute huo huingia na kutoka kwa kukandamizwa na kuachiwa, kama maji katika sifongo. Ungio lisilotikisika hukosa kulishwa vizuri. Kadhalika misuli ya mguu usiotumika hupungua. Utaona muundi wa upande mmoja umekuwa mwembamba kuliko mwenziwe. Misuli ikipungua, ungio hukosa walinzi wake, na kila hatua huliumiza zaidi. Mtoto huogopa kutembea, na kwa kuogopa huzidi kudhoofika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za mazoezi ya nguvu kiasi au zaidi kila siku, na ushauri huo unawahusu pia watoto wenye ulemavu, kwa kadiri ya uwezo wao.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu ni kuubadilisha mchezo ili mtoto aweze kuingia. Na hapa ndipo ufundi wa kufundisha unapohitajika, kwani kumweka mtoto pembeni hakuhitaji ufundi wowote.

Jambo la kupima ni mzigo unaouangukia mguu. Mtu anapotembea, mguu unaotua hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili wake kidogo tu. Anapokimbia, nguvu hiyo hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kuruka na kutua, kugeuka ghafula na kusimama ghafula huongeza mzigo mwingine wa kupinda. Kwa kipimo hicho twaona kwamba netiboli, ingawa huonekana kuwa mchezo wa upole, humtesa mtoto huyu, kwa sababu anayedaka mpira analazimika kusimama pale pale na kuzunguka juu ya mguu mmoja. Kutupa tufe akiwa ameketi kwenye benchi, kuendesha baiskeli, au kuogelea pale penye maji salama na mtu mzima anayejua kuokoa, hakuutwishi mguu mzigo mkubwa. Katika baiskeli mtoto akanyage pedeli kwa katikati ya wayo badala ya vidole.

Mchezo tunaoupendekeza kuliko yote kwa darasa zima ni mpira wa wavu wa kukaa. Ulikwisha ingizwa katika michezo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu huko Arnhem, Uholanzi, mwaka 1980, nao unataka vifaa vichache mno: kamba, miti miwili na mpira mwepesi. Katika mashindano ya watu wazima wavu huwekwa kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Kwa Darasa la 4 kamba ya sentimita 90 inatosha. Sharti ni kwamba anayeupiga mpira asiinue makalio kutoka chini. Darasa lote likiketi, hakuna tena mwenye mguu mbovu na mwenye mguu mzima, na si ajabu yule aliyekuwa chini ya mwembe akawa hodari kuliko wengine, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyozoea kufanya kazi. Nyasi fupi au mchanga uliosafishwa hufaa. Mwalimu aondoe kwanza vijiti na vigae.

Michezo mingine hubadilishwa kwa kupunguza, si kwa kuondoa. Katika mbio za kupokezana vijiti, mtoto huyu apewe kipande cha mita 15 wakati wenzake wana mita 40. Katika rede apewe zamu ya kurusha mpira, na zamu yake ya kukwepa iwe ndani ya mraba mdogo. Katika kuruka kamba, tahadhari: walimu wengi humfanya mtoto huyu kuwa mshika kamba wa kudumu, wakadhani wamemshirikisha. Kushika kamba ni kazi nzuri kwa zamu. Ikiwa ni kazi yake ya kila siku, hiyo ni mwembe ule ule uliosogezwa katikati ya uwanja.

Matayarisho ya mwili kabla ya mchezo yawe marefu kidogo kuliko kawaida, dakika 10 badala ya 5, na yaanzie chini. Darasa zima liketi, miguu imenyooshwa, viatu vimevuliwa. Kila mtoto aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu: kwanza a, e, i, o, u, kisha jina lake. Darasa la 1 hulipenda sana zoezi hili, na mwalimu hupata vipindi viwili kwa bei ya kimoja, kwani kifundo kinazunguka kila upande huku mtoto akikumbuka umbo la herufi. Baada ya hapo waokote vifuniko vya soda kwa vidole vya miguu na kuvitia katika kopo. Kisha wasimame, wakishika ukuta, wainuke juu ya vidole polepole na kushuka polepole mara 8. Mwenye kidole kinachouma ainuke nusu tu. Mazoezi haya hayamdhuru mtoto mzima. Humwongezea nguvu ya mguu, na yule mgonjwa haonekani kuwa amepewa dawa mbele ya watu.

Ni kiasi gani kinatosha? Kipimo kinachotumika sana ni hiki: maumivu kidogo wakati wa mchezo yanavumilika, lakini yakizidi yalivyokuwa na kudumu zaidi ya saa 2 baada ya mchezo, au mguu ukiamka kesho yake umekakamaa kuliko kawaida, basi kipindi kijacho kipunguzwe. Kwa hiyo swali la muhimu huulizwa asubuhi ya pili, wakati wa kuita majina, kwa sauti ndogo. Siku ambazo ungio limevimba na lina moto mtoto asikimbie wala asiruke. Aketi na kuandika herufi zake, arushe mpira. Siku hizo zitapita, hasa akipata dawa zake bila kukosa. Dawa zilizopo leo zimewawezesha watoto wengi kurudi katika michezo yote, na mwalimu asimzuie mtoto ambaye daktari amemruhusu.

Habari ya viatu nayo isipuuzwe. Ndala huulazimisha mguu kuishika kwa vidole kila hatua, na raba zilizolika soli hukunjika mno pale penye ungio la kidole gumba. Soli ngumu isiyokunjika sana hulipumzisha ungio hilo. Familia isiyo na fedha ya viatu vipya yaweza kujaribu katambuga za tairi zilizoshonwa vizuri, zenye mkanda wa kisigino. Ni nzito kidogo, lakini soli yake ni imara.

Wenzake nao watauliza kwa nini fulani anakimbia mita 15. Mwalimu asinyamaze wala asitoe siri ya mtoto bila ridhaa yake na ya wazazi. Yatosha kusema kwamba katika darasa hili kila mmoja hupimwa kwa alipoanzia. Kisha awe mkweli katika maksi: aliyeweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 3 mwezi wa Februari na sekunde 12 mwezi wa Mei amejifunza, na maksi zake zionyeshe hivyo, hata kama mwenziwe husimama dakika nzima.

Imebaki sehemu inayowahusu wanachuo wenyewe. Ninyi mtafundisha miaka 30 na zaidi, na baadhi yenu mtapata baridi yabisi ya miguu mkiwa bado kazini, hasa mliokwisha kuumia vidole kwa kucheza kandanda pekupeku. Ungio la kidole gumba ndilo huanza kwa wengi: hukataa kukunjwa juu, na kuchuchumaa au kukimbia kwa vidole huwa adhabu. Hata mwanamichezo mkubwa hupatwa nalo. Shaquille O'Neal, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani mwenye uzito wa zaidi ya kilo 140, alipasuliwa kidole gumba cha mguu wa kulia mwezi wa Septemba 2002 kwa sababu ya baridi yabisi. Alirudi uwanjani, akawa katika timu iliyotwaa ubingwa mwaka 2006, na hakustaafu hadi mwaka 2011. Yeye alikuwa na madaktari wa timu na viatu vya kushonewa. Mwalimu wa shule ya msingi ana baiskeli, soli ngumu na akili yake, na hivyo navyo si haba. Asichanganye tu ugonjwa huu na jongo, ambayo hushika kidole gumba ghafula, mara nyingi usiku, kikawa chekundu hata shuka haliguswi. Huyo apumzike na kutafuta tiba hadi shambulio lipite.

Mwalimu wa namna hiyo hana sababu ya kubadilisha kipindi cha michezo kuwa kipindi cha hesabu, jambo ambalo tumeliona mara nyingi. Si lazima aruke mwenyewe ili afundishe kuruka. Achague watoto wawili wa kuonyesha, mmoja anayefanya vizuri na mmoja anayejifunza bado, asimame ubavuni mwao, na alieleze darasa goti likunjwe lini, mkono uende wapi, macho yatazame nini. Watoto hujifunza mengi kwa mwenzao wa kimo chao. Na katika mpira wa wavu wa kukaa, mwalimu aketi upande wa timu iliyopungua mtu, acheze.